Karibuni Kidato cha Kwanza: Hesabu Hazina Ukoo

Iwe unapiga pasi sare ya mtoto, umekaa kwenye meza yako ya biashara, au uko ndani ya daladala na dereva ndiye aliyekuchagulia stesheni, karibu kwenye mazungumzo ya leo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya sekondari, nafundisha kidato cha kwanza na cha pili. Najua kikao cha wazazi kikiitishwa wengi wenu mtakikosa, tena kwa sababu za kweli: kuna msiba, kuna shamba, kuna bosi asiyetoa ruhusa. Kwa hiyo nimeomba dakika hizi niwakaribishe hapahapa redioni, ninyi wanafunzi wapya pamoja na waliowaleta.

Januari hii nyumba nyingi zina mtoto aliyemaliza darasa la saba mwaka jana, jina lake likaonekana kwenye orodha ya TAMISEMI, na sasa anavaa sare ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Mmenunua kaunta buku. Mmenunua mkebe wenye bikari na kipimapembe. Mmejaza fomu ya kujiunga. Hapo mmefanya kazi kubwa, nami nasema ahsanteni. Lakini kipo kitu kingine ambacho baadhi yenu humpa mtoto bure, nami hukipokea pamoja naye getini. Mzazi ananisalimia vizuri, ananikabidhi mwanawe, halafu anasema mtoto akisikia: "Mwalimu, huyu kwenye hesabu usimtegemee sana. Ukoo wetu wote hesabu hazipandi."

Mzazi anatania, au anajihami mapema. Mtoto hatanii. Yeye amelelewa kuamini neno la mama na la baba, na hili nalo analiamini. Kuanzia hapo, kila akikosa swali ana maelezo tayari: ni ukoo. Na mtu akishajua kwamba jambo limo ndani ya damu yake, atahangaika nalo kwa sababu gani?

Basi neno langu la leo ni hilo tu: hesabu hazina ukoo. Na nitakwenda mbele kidogo. Hesabu za kidato cha kwanza, kwa sehemu kubwa, mwanao anazijua tayari, na wewe mzazi nyingi unazitumia kila siku. Sikufariji. Nakutajia mada zenyewe usikie.

Mwaka wa kwanza wa sekondari tunaanza na namba. Tunakwenda kwenye sehemu, desimali na asilimia. Tunapima urefu, uzito na muda. Tunakadiria. Tunachora pembe na pembetatu. Tunafanya uwiano, faida, hasara na riba. Tunatafuta mzingo na eneo. Sasa wewe uliyefika kidato cha kwanza, niambie: lipi kati ya hayo hukulisikia kwa mwalimu wako wa shule ya msingi? Asilimia umefanya. Eneo la mstatili umefanya. Namba tasa, shufwa na witiri unazitaja usingizini. MAGAZIJUTO uliiimba darasani mpaka ikakuchosha: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nikikuuliza sasa hivi, mbili jumlisha tatu mara nne ni ngapi, hutaniambia ishirini. Utazidisha kwanza, upate kumi na mbili, ndipo ujumlishe, upate kumi na nne. Hiyo ni hesabu ya sekondari, na umeifanya kwa masikio tu.

Mageni ni mambo matatu: lugha, njia, na herufi. Nitayapitia moja baada ya jingine, na kwa kila moja nitamwambia mzazi anachoweza kufanya hata kama shule aliiacha zamani.

La kwanza ni lugha. Tangu 1967 shule zetu za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari imebaki na Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hatayaona haya ninayoyasema. Lakini walio wengi wanatoka kwenye Hisabati ya Kiswahili, wanalala, wanaamka kwenye Hisabati ya Kiingereza. Yule KDS wao, Kigawe Kidogo cha Shirika, sasa anaitwa LCM. Kipenyo, mzingo, kipeo, mlinganyo, kila kimoja kimepata jina jipya. Mtoto anatazama swali analoweza kabisa kulifanya, na hajui kwamba ni lile lile.

Chukua mfano huu. Daladala mbili zinatoka stendi saa kumi na mbili kamili asubuhi. Za njia moja zinaondoka kila baada ya dakika 12, za njia ya pili kila baada ya dakika 18. Lini tena zitaondoka pamoja? Mtoto wa darasa la saba anatafuta KDS ya 12 na 18, anapata 36, anajibu: saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Mwandikie swali hilo hilo kwa Kiingereza Januari, na kalamu inasimama. Kilichomshinda hapo ni kusoma, na kusoma kunafundishika. Ndiyo maana shule nyingi huanza na wiki kadhaa za kuwazoesha watoto Kiingereza kabla ya masomo kuanza rasmi. Tafadhali msizidharau wiki hizo, wala msimwache mtoto akae nyumbani mpaka "masomo yaanze". Yameanza.

Mzazi utasaidiaje, na Kiingereza chenyewe hujui? Mwambie mwanao ageuze daftari la Hisabati, na kurasa za nyuma azifanye kamusi yake: upande huu neno la Kiswahili alilolizoea, upande wa pili jina lake jipya. Jioni mwambie akusomee swali moja kwa sauti, kisha umuulize: "Hapo unaulizwa nini?" Akikueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, ameelewa swali. Akianza kuzungukazunguka, mwambie kesho aniulize mimi. Kuuliza si ujinga. Hapo umefundisha Hisabati, na hukushika kalamu.

La pili ni njia. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Mtoto anaweka alama kwenye herufi, na mashine haimuulizi amefikaje pale. Sekondari mambo yanageuka. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, kwa muundo tuliouzoea, una maswali 14, muda ni saa tatu, na maelekezo yake juu ya karatasi yanamtaka mtahiniwa aoneshe kazi yote kwa uwazi. Jibu sahihi lililodondoka kutoka mbinguni linatiliwa shaka. Jibu lenye kosa dogo mwishoni, lakini njia yake imenyooka, linapata alama zake za njia. Kikokotoo hakiruhusiwi, kinachoruhusiwa ni jedwali la hisabati la Baraza la Mitihani. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kubofya simu kila swali anajijengea tabia itakayombwaga siku ile.

Hapa ndipo ninapowaomba sana wazazi mbadilishe swali. Mtoto akirudi na daftari, wengi mnauliza: "Umepata ngapi?" Ukimuuliza hivyo kila siku, atajifunza kutafuta ngapi, hata kwa kuchungulia daftari la jirani. Muulize: "Nioneshe njia." Umwache akueleze mstari kwa mstari: hapa nimefanya hivi kwa sababu hii. Huna haja ya kujua kama ni sahihi. Mtoto anayeeleza hugundua mwenyewe pale alipokwama, kwa sababu mdomo hukataa kusema jambo ambalo akili haijalipata. Na ukiona daftari ambalo ni majibu matupu yamepangwa mstari, bila hata tone moja la jasho, jua kuna jambo. Njoo tuongee.

La tatu ni herufi, na hili ndilo linalowatisha zaidi. Mtoto anasema, mwalimu, mbona leo kwenye namba kuna x? Namwambia, x umeanza kuitumia ulipoanza kutumwa dukani. Mama amekupa shilingi 10,000 ununue sukari kilo mbili. Umerudi na chenji 2,800. Mama hajauliza bei, lakini anaijua. Ameijuaje? Elfu kumi toa elfu mbili na mia nane ni elfu saba na mia mbili. Gawanya kwa mbili, kilo moja ni 3,600. Ile bei ambayo mama alikuwa haijui akaitafuta kichwani, sisi darasani tunaiita x ili tuweze kuiandika. Aljebra inaanzia hapo. Mama yako ameifanya amesimama mlangoni, na mwiko mkononi.

Sasa nigeukie ninyi wazazi na walezi, maana nilisema hesabu mnazijua, na nadhani wengine bado mnabisha.

Nenda kwenye msingi wa nyumba unaochimbwa mtaani kwenu, umtazame fundi anavyopiga kona. Anapima mita tatu upande huu, mita nne upande wa pili, halafu anavuta kamba kutoka alama mpaka alama. Kamba ikisoma mita tano, kona ni mraba, anaendelea. Ikizidi tano, kona imepanuka; ikipungua, imebana. Fundi yule huenda hakupita sekondari. Lakini tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, tisa na kumi na sita ni ishirini na tano, na hiyo ni tano mara tano. Ni nadharia ya Pythagoras, somo ambalo mwanao atalikuta mbele kidogo. Baba fundi, siku tukifika hapo, mwambie mtoto ashike ncha moja ya kamba. Hata mimi nikiandika ubao mzima sitamfundisha kuliko wewe.

Na wewe mama uliyeko kwenye kikoba, unayejua hisa zako ni ngapi, mgao utakuwa kiasi gani na nani hajarejesha, usiniambie hesabu hazipandi. Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, akitoa mafuta, akitoa chakula, akijua kilichobaki ni chake, naye asiniambie.

Tena kuna hesabu moja ambayo ningependa familia nzima iifanye pamoja, kwa sababu imeumiza nyumba nyingi. Ni ile mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu. Mtu anakwambia, chukua laki mbili, utanirudishia elfu tisa tu kwa siku kwa siku thelathini. Elfu tisa inasikika ndogo. Mpe mwanao wa kidato cha kwanza kalamu. Elfu tisa mara thelathini ni 270,000. Riba ni 70,000. Sabini elfu juu ya laki mbili ni asilimia 35, kwa mwezi mmoja. Mtoto akishaipata namba hiyo kwa mkono wake mwenyewe mezani kwenu, hatauliza tena Hisabati itamsaidia nini maishani. Na wewe utaanza kumwita unapotaka kusaini jambo.

Nimekwepa habari ya fimbo mpaka sasa, lakini siwezi kumaliza bila kuigusa. Wazee wa pwani walipompeleka mtoto chuoni walimwambia mwalimu: nyama yako, mifupa yangu. Na leo wapo wazazi wanaoniambia hivyohivyo kwa maneno mengine: "Mchape tu mwalimu, hesabu haziingii bila kiboko." Nisikilizeni. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinasema adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, haizidi viboko vinne, na anayeitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kukosa swali la sehemu si utovu wa nidhamu. Mtoto anayeogopa kuchapwa hujifunza jambo moja haraka: kuficha asichokijua. Akishaficha, mimi sina pa kuanzia. Darasani kwangu nataka mkono unyooke na mtoto aseme, mwalimu, hapa sijaelewa. Nisaidieni na nyumbani jambo hilo liwe ruhusa.

Jingine ni muda, na hapa nasema zaidi kwa ajili ya mabinti. Kaka na dada wanaingia nyumbani saa ileile. Kaka anatupa begi, anakwenda mpirani. Dada anachota maji, anaosha vyombo, anambeba mdogo wao, anabandika ugali. Anapofungua daftari ni usiku, macho yamekwisha. Mwisho wa muhula tunasema wasichana hawawezi Hisabati. Hawawezi, au hawakupewa muda? Sisemi mtoto asifanye kazi za nyumbani. Hata mimi nilizifanya. Nasema gaweni sawa baina ya watoto wote, na muwape nusu saa ya Hisabati kabla jua halijazama. Nusu saa kila siku inashinda tuisheni ya Jumamosi nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa nini nasisitiza kila siku? Kwa sababu somo hili halisamehe pengo. Msusi wa mkeka akiruka ukindu mmoja mwanzoni, kosa halionekani mpaka mkeka umefika katikati, na hapo hakuna namna isipokuwa kufumua. Mtoto asiyejua tebo ya saba anakwama kwenye sehemu. Aliyekwama kwenye sehemu hataweza aljebra. Na asiyeweza aljebra, vitabu vya kidato cha tatu atavitazama tu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, kati ya kila watahiniwa wanne wa Hisabati nchini, aliyefaulu alikuwa kama mmoja. Ninaposoma matokeo hayo siwezi kuamini kwamba robo tatu ya watoto wa Tanzania wamezaliwa bila akili ya hesabu. Naona mapengo ya darasa la nne na la tano ambayo hakuna aliyerudi kuyaziba. Naona madarasa yaliyofurika na walimu wa Hisabati wasiotosha. Hayo ya walimu na madarasa, wewe na mimi tuendelee kuyadai kwa wanaohusika. Tebo ya saba tunaweza kuianza leo jioni.

Basi wewe mwanafunzi, kama kuna mahali uliachwa shule ya msingi, niambie wiki hizi za mwanzo. Usione aibu. Mwezi wa kwanza ndio wa kurudi nyuma. Hakuna atakayekucheka, na anayecheka nitampa yeye swali ubaoni. Tafuta wenzako watatu au wanne muunde kundi la kujisomea, na ndani ya kundi kila mmoja awe mwalimu wa mada moja. Utashangaa: ukimfundisha mwenzako uwiano mara moja, hutausahau tena.

Nanyi wazazi, msisubiri barua ya wito. Mzazi akionekana shuleni siku ya kesi tu, mtoto hujua mzazi na mwalimu hukutana kwa ubaya. Njooni siku ambayo hakuna ubaya wowote. Nawapa na tarehe: 14 Machi. UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, kwa sababu kuna nchi zinazoandika mwezi kwanza kisha tarehe, na hapo inasomeka tatu, kumi na nne, kama zinavyoanza tarakimu za pai, tatu nukta moja nne. Naziomba shule zetu siku hiyo, au Jumamosi iliyo karibu nayo, ziwafungulie wazazi madarasa. Kila mmoja aje na kitu cha duara kutoka jikoni: sufuria, sinia, ndoo, kifuniko. Watoto wazungushe uzi ukingoni wapate mzingo, wapime katikati wapate kipenyo, wagawanye. Sufuria ya shughuli na kikombe cha chai vitatoa jibu karibu lilelile, tatu na kitu. Ile 22 kwa 7 mliyokaririshwa zamani mtaiona ikitoka kwenye vyombo vyenu.

Muda wangu unakwisha, na mwalimu wa Hisabati haagi bila kuacha zoezi. Chukueni kalamu, nitasoma polepole.

Mama amekaanga chapati 60. Unga, mafuta, chumvi na mkaa vimemgharimu shilingi 21,600. Chapati moja anauza shilingi 500. Ameuza 54, na sita zilizobaki zimeliwa na watoto wake usiku. Swali la kwanza: amepata faida ya asilimia ngapi? Nataka njia, mstari kwa mstari; jibu nitalisoma wiki ijayo saa hizihizi.

Swali la pili: zile chapati sita zilizoliwa nyumbani, je, ziandikwe kwenye hasara? Hili sina jibu lake kwenye kitabu. Mwanafunzi aseme anavyoona, mama mwenye biashara aseme anavyoona, na kila mmoja atoe sababu. Mkibishana mpaka chai ikapoa, mmeshaanza somo. Kwaherini, na karibuni sana kidato cha kwanza.